Gesi ya Ziwa Kivu na Mazuku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Kivu, mpakani mwa Congo na Rwanda: Goma, Sake, Gisenyi, Kibuye, Idjwi na Bukavu, na kwa ndugu zao walio mbali wanaopiga simu kila mlima unapotoa moshi. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini. Tumeyajibu kwa vipimo na kwa hatua za kufuata, na pale ambapo jibu ni zito hatukulipunguza.

Je, kuyataja haya si uchuro?

Wanaouliza hivyo tunawaelewa. Goma imepitia milipuko ya volkano ya Nyiragongo ya 1977, 2002 na 2021, kipindupindu, vita visivyoisha, na Januari 2025 mji ulibadilisha watawala kwa mtutu wa bunduki. Mama anayetafuta chakula cha jioni hana nafasi ya kuwaza maji yaliyo mita 300 chini ya ziwa. Viongozi nao hunyamaza wakihofia taharuki, na wauza viwanja hunyamaza kwa sababu kiwanja chenye sifa mbaya hakipati mnunuzi.

Lakini kimya kina gharama. Tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini alitangaza alfajiri kwamba mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, unaweza kutokea bila dalili za kutosha, akaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka. Wengi hawakujua kama "chini ya ziwa" maana yake ni lava, gesi au mawimbi, wala kama wakimbie kufuata ufukwe au wapande milima. Mtu asiyejua hawezi kuchagua. Isitoshe, kinachoua watu na mifugo kando ya ziwa hili mwaka hadi mwaka ni mazuku, yaani gesi ya ardhini inayojaa mabondeni, na hayo yanaepukika kwa maarifa ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuyashika.

Chini ya ziwa kuna nini hasa?

Kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani, zikihesabiwa kama zingekuwa juu, kwenye hewa ya kawaida. Zimeyeyuka ndani ya maji, hasa chini ya mita 260. Kina kirefu cha ziwa ni karibu mita 485.

Kaboni dioksaidi inapanda kutoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kupitia chemchemi zilizo sakafuni mwa ziwa. Methani inatengenezwa na vijidudu visivyohitaji hewa, sehemu kutokana na mabaki ya viumbe yanayozama, sehemu kutokana na ile kaboni dioksaidi yenyewe. Chini huko hakuna oksijeni, na kuna pia gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza.

Kwa nini gesi haitoki yenyewe?

Kwa sababu ya uzito wa maji ya juu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo kwenye mita 320 gesi imebanwa kwa zaidi ya mara thelathini. Ni kama soda ambayo kizibo hakijafunguliwa: gesi imo lakini povu halionekani.

Kizibo cha Kivu ni tofauti ya uzito wa maji. Maji ya chini yana joto zaidi kuliko ya juu, jambo ambalo kwa kawaida lingeyafanya yapande. Hayapandi kwa sababu yana chumvi nyingi na kaboni dioksaidi nyingi zilizoyeyuka, na vyote viwili huyafanya mazito. Ukuta mkuu kati ya tabaka uko karibu na mita 260. Upepo wa msimu wa kiangazi huchanganya makumi machache tu ya mita za juu, hauufikii.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kaboni dioksaidi ni mara tano ya methani kwa wingi, lakini methani ndiyo inayosukuma zaidi. Methani haipendi maji, hivyo kiasi kidogo chake hutoa sehemu kubwa ya mgandamizo unaotaka kutengeneza mapovu. Ndiyo maana kuiondoa methani kunapunguza hatari hata kama kaboni dioksaidi imebaki.

Ni kweli ziwa linaweza kulipuka?

Maziwa mawili yamewahi kufanya hivyo, na yote yako Kamerun. Tarehe 15 Agosti 1984 Ziwa Monoun lilitoa gesi ikaua watu 37. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, Ziwa Nyos lilitoa wingu la kaboni dioksaidi lililoteremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe, wengine wakiwa zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani. Nyumba hazikuungua wala kubomoka. Watu walilala na hawakuamka.

Kinachotokea ni hiki: maji ya chini yanasukumwa juu mpaka pale ambapo mgandamizo hautoshi kuishikilia gesi. Mapovu yanaanza. Maji yenye mapovu ni mepesi, yanapanda kwa kasi, yanavuta mengine nyuma yake, na mchakato unajiendesha. Nyos ina kina cha mita 208 na ukubwa usiofikia kilomita mbili za mraba. Kivu ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na gesi iliyomo ni mara mamia nyingi ya ile ya Nyos. Kando yake wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Tabaka za matope sakafuni mwa Kivu zinaonyesha kuwa katika maelfu ya miaka iliyopita ziwa limewahi kuvurugika. Kwa hiyo si jambo la kubuni.

Basi linakaribia kulipuka?

Hapana. Pale lilipojaa zaidi, karibu na mita 320, mgandamizo wa gesi ni zaidi kidogo ya nusu ya ule unaohitajika ili mapovu yaanze yenyewe. Maji hayo yangelazimika kuinuliwa zaidi ya mita mia moja kabla ya hatari kuanza, na kuinua maji mazito kupita kwenye ukuta wa mita 260 kunahitaji nguvu kubwa mno.

Uvumi kwamba gesi inaongezeka kwa kasi una chanzo chake. Utafiti uliochapishwa 2005, ukilinganisha vipimo vya miaka ya 1970 na vya 2004, ulidhani methani imepanda. Vipimo vya karibuni zaidi, vilivyofanywa na timu tofauti kwa vyombo tofauti na kuchapishwa 2020, havikuliona ongezeko hilo. Gesi iko karibu pale pale. Ukisikia mtu akitaja mwaka ambao ziwa "litajaa", jua anarudia hesabu ya zamani.

Sisi tunaliweka hivi: uwezekano kwa mwaka ni mdogo sana, madhara ni makubwa kuliko janga lolote la asili tunalolijua Afrika. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Anayekuambia la kwanza tu anataka ulale. Anayekuambia la pili tu anataka ukimbie.

Volkano au tetemeko haliwezi kuufungua huo ukuta?

Ziwa limeshajaribiwa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Maji ya chini hayakuvurugika. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilipiga eneo la Bukavu na kusini magharibi mwa Rwanda, likaua watu. Ziwa lilibaki limetulia. Mei 2021 magma ilijipenyeza chini ya mji hadi chini ya ziwa lenyewe, lakini haikupasua sakafu.

Kinachowahangaisha wataalamu ni mlipuko wa volkano ndani ya ziwa, kwenye kina kirefu, penye maji yaliyobeba gesi nyingi. Hapo joto lingefanya kazi ambayo lava inayoingia kutoka ufukweni haiwezi kuifanya, kwa kuwa lava hiyo hupoa haraka karibu na uso.

Ghuba ya Kabuno, kaskazini magharibi, ni habari nyingine. Imetenganishwa na ziwa kuu na kizingiti kisicho na kina kirefu, na maji yake yaliyojaa kaboni dioksaidi huanza yapata mita 12 tu chini ya uso. Gesi yake ni kidogo ukilinganisha na ziwa zima, lakini iko karibu na juu, na karibu na volkano. Wanaoishi kando ya Kabuno wana haki ya kupewa kipaumbele kwenye vipimo na katika kazi ya kuondoa gesi.

Mazuku ni nini, na yanahusianaje na ziwa?

Ni kaboni dioksaidi inayotoka moja kwa moja kwenye nyufa za ardhi ya volkano na kukusanyika mabondeni. Haitoki ziwani. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka kama maji na kujaa kwenye mashimo, mitaro na mabonde madogo. Haina rangi. Haina harufu unayoweza kuitegemea. Maeneo yanayojulikana sana ni kati ya Goma na Sake: Himbi, Keshero, Mugunga, Lac Vert, Bulengo. Wakimbizi wa ndani waliojenga vibanda Bulengo na Lac Vert mwaka 2023 walijenga juu ya ardhi hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi.

Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 ya gesi hii. Ikifika asilimia 3 unahema haraka bila kujua kwa nini. Asilimia 5: kichwa kinauma, kizunguzungu, miguu inalegea. Ikizidi 10 unapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ikifika 30, pumzi kadhaa tu zinatosha kukuangusha. Ndani ya mazuku makali imepimwa ikiwa zaidi ya hapo kwa mbali.

Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto wake, mbuzi au mbwa aliye pembeni anakufa. Tofauti ni urefu wa pua kutoka ardhini.

Nitatambuaje mahali penye mazuku?

Angalia kwanza wanyama. Mijusi, ndege, panya au mbwa waliokufa bondeni bila jeraha ni ishara ya wazi kuliko zote. Majani yaliyokauka kwa mduara wakati ya jirani ni mabichi, au mahali palipobaki tupu katikati ya kichaka, ni ishara nyingine. Waulize wachungaji wa eneo. Wanajua mashimo yao kwa majina.

Saa nazo zina maana. Usiku na alfajiri kabla jua halijachomoza, bila upepo, gesi hutulia na kujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua au hutawanyika. Bonde ulilopita salama saa nane mchana linaweza kukuua saa kumi na moja alfajiri. Hilo ndilo kosa la wanaotafuta kuni na wanaowahi shambani.

Jaribio la moto hutumika sana, na linahitaji tahadhari. Funga mshumaa au kibatari kwenye mti mrefu au kamba, ushushe bondeni ukiwa umesimama juu. Ukizimika, mahali hapo panaua, ondoka. Usipozimika, bado hujathibitisha kitu. Mwali huendelea kuwaka katika kiwango cha gesi ambacho tayari kinamlegeza mtu, hasa mtoto. Jaribio hilo linaweza kukukataza kuingia, haliwezi kukuruhusu. Na baada ya mlipuko wa volkano usilitumie kabisa karibu na lava au nyufa mpya, kwani huenda kuna methani inayowaka.

Wenye uwezo wa kununua kipimo: nunua cha kaboni dioksaidi. Kengele za monoksaidi ya kaboni, zile za moshi wa makaa na jenereta, hazioni gesi hii. Vipimo vya bei nafuu vya hewa ya ndani hukomea asilimia 0.5 au 1. Kikifika mwisho wa kipimo, usisubiri namba zaidi, toka. Kiweke sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni. Kikitundikwa ukutani kwenye usawa wa macho kitakupa habari njema za uongo.

Mtu akianguka ndani ya mazuku, nifanye nini?

Usimfuate. Tunajua ni neno gumu kumwambia baba anayemwona mwanawe. Lakini katika mazuku, katika visima na katika mashimo ya vyoo kote Afrika Mashariki, wanaokufa mara nyingi ni wawili au watatu: wa kwanza alianguka, waliobaki walikwenda kumtoa. Kubana pumzi na kuruka ndani hakusaidii, kwa sababu kumwinua mtu aliyezimia kunamaliza pumzi hiyo kabla hujapiga hatua tatu. Kitambaa chenye maji mdomoni nacho hakizuii chochote. Hii ni gesi, si vumbi.

1. Piga kelele za kuita watu, kisha simama upande wa juu, upepo ukikupiga mgongoni.
2. Tumia kamba yenye kitanzi au mti mrefu wenye ndoana, ushike nguo, mkono au mguu, na umvute. Majeraha ya kuburutwa hupona.
3. Mkimtoa, mpelekeni mahali pa juu penye hewa, mbali na bonde.
4. Asipopumua, mlaze chali mahali pagumu. Bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie pumzi mbili. Endelea, mkipokezana.
5. Akipumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu.
6. Hata akiamka na kusema amepona, apelekwe hospitali.

Kila mtaa wenye mazuku ungepaswa kuwa na kamba ya mita 20 na ndoana kwa balozi au kanisani, mahali panapojulikana na kila mtu. Ni gharama ndogo.

Nyumba yangu iko kwenye eneo hilo. Nifanyeje?

Kama iko ndani ya bonde lenyewe, jibu la kweli ni kuhama. Hakuna ukarabati unaoshinda gesi inayojaa kutoka nje. Kama iko pembeni au juu kidogo, kuna ya kufanya. Usichimbe chumba cha chini, wala ghala la shimo. Sakafu ya udongo iwekewe karatasi nene ya plastiki kisha zege, na ufa wowote uzibwe, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Vitanda viinuliwe, watoto wasilale kwenye mkeka. Mlango unaotazama mteremko huiruhusu gesi iteremke itoke.

Matundu ya chini ya ukuta yana pande mbili. Yanatoa gesi inayopenya sakafuni, lakini kama gesi inajaa nje yanaiingiza. Yafaa kwa nyumba iliyo juu kuliko eneo linaloizunguka. Kwa nyumba iliyo chini, yazibe. Kuhusu kujaza shimo kwa mawe ya lava: mawe hayo yana matundu tele, na gesi hupita katikati yake na kutokea juu au pembeni. Umehamisha mazuku, pengine umeyapeleka kwa jirani. Afadhali kuweka uzio, alama nyekundu na bango lenye fuvu la kichwa, kwa ajili ya wageni wasiosoma ardhi ya hapa.

Choo cha shimo kikichimbwa, mchimbaji awe amefungwa kamba kiunoni tangu mwanzo na watu wawili wabaki juu. Asubuhi, kabla ya kuendelea na kazi ya jana, shimo lipimwe upya. Gesi hujaa usiku.

Kwa nini 2021 hakukuwa na onyo?

Kuna sababu mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni ya uzembe wa dunia: kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepoteza msaada mkubwa wa nje mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa hakikuwa hata na intaneti ya kupokea data kutoka kwenye vyombo vyake. Ya pili inatisha zaidi: uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa hata vyombo vilivyokuwa vikifanya kazi havikuona dalili za wazi kabla ya mlima kupasuka jioni ya 22 Mei. Matetemeko mengi yalikuja baada ya lava kutoka, si kabla.

Kwa hiyo fedha za kituo ni lazima, na bado hazitoshi. Usipange maisha ya familia yako ukitegemea kwamba utaambiwa saa 24 kabla.

Rangi za tahadhari ya volkano zina maana gani?

Kijani ni hali ya kawaida. Manjano: kuna mabadiliko, sikiliza redio. Machungwa: jiandae, mizigo iwe mlangoni, wagonjwa na wazee waanze kuondoka. Nyekundu: ondoka. Mwenye watoto wadogo, mjamzito au mgonjwa asisubiri nyekundu.

Lava ikija, tukimbilie wapi?

Lava ya Nyiragongo ni majimaji na hutiririka upesi kuliko ya volkano nyingi. Mwaka 1977 iliteremka miteremko ya juu kwa kasi inayokisiwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mjini hupungua mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Usishindane nayo kwenye njia yake. Kata kwa pembeni, toka kwenye mitaro na mabonde.

Baadhi ya vifo vya 2021 vilitokea baadaye, watu wakivuka lava iliyoonekana imepoa. Ganda jeusi hufunika moto na gesi kwa siku nyingi. Mwaka 2002 makumi ya watu walikufa kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka karibu na lava wakati watu wakichota mafuta. Usirudi mpaka njia ipimwe, na ukirudi fungua milango yote na usubiri hewa ipite kabla ya kuwasha kitu chochote.

Mei 2021 maelfu walikimbilia Sake, kilomita 25 magharibi, na wengi walilala barabarani. Barabara hiyo inapita kwenye ukanda wa mazuku. Ukilazimika kulala nje huko, chagua mwinuko, kamwe usilale mtaroni kujikinga na upepo. Upepo ndio unaokulinda.

Na ikiwa ni gesi ya ziwa?

Kimbia kwenda juu, mbali na ufukwe, na usifuate bonde. Kaboni dioksaidi hufuata njia za maji. Gari linaweza kuzima kwa kukosa oksijeni. Harufu kali ya mayai yaliyooza kutoka ziwani, ngurumo kutoka upande wa maji, samaki wengi waliokufa kwa ghafla, povu pana lisilo la upepo: chochote kati ya hivyo kikionekana, usiende ufukweni kutazama.

Ila tuseme ukweli. Mlipuko mkubwa karibu na mji ungewaachia walio ufukweni muda mfupi mno, na vilima vidogo vya ndani ya Goma visingetosha. Kinga halisi dhidi ya hili ni kuliondolea ziwa gesi kabla.

Mfuko wa kukimbia uwe na nini?

Vitambulisho na vyeti vya shule ndani ya plastiki, dawa za siku saba kwa anayetumia kila siku, tochi, redio ndogo, viatu vya kufunika miguu kwa kila mtu, blanketi, fedha ndogo ndogo. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa siku mbili. Usizidishe: mfuko usioweza kuubeba kilomita 10 ukiwa na mtoto mgongoni utauacha njiani.

Mwaka 2021 zaidi ya watoto 150 walipotezana na wazazi wao. Andika jina la mtoto na namba mbili za simu kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa nguo, moja iwe ya ndugu anayeishi mji mwingine. Kubalianeni sehemu mbili za kukutania, moja mtaani na moja nje ya mji.

Mabomba yakikatika watu huchota ziwani, na kipindupindu hufuata. Chuja maji kwa kitambaa safi, kisha kwa bidoni ya lita 20 tia mililita 2, yaani matone kama 40, ya dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 5 isiyo na manukato wala sabuni. Tikisa, subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, mara mbili ya kiasi hicho. Soma kibandiko kwanza, nguvu hutofautiana.

Mitambo ya methani inatulinda au inatuhatarisha?

Ikiendeshwa vizuri, inatulinda. Bomba hushushwa hadi takriban mita 350. Maji yakianza kupanda gesi hujitenga na kuyasukuma yenyewe, bila pampu. Karibu na uso gesi hutengwa na maji, kisha huoshwa kwa maji mengine yanayobeba sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi, na methani husafirishwa kwa bomba hadi nchi kavu. Rwanda ilianza kidogo miaka ya 1960 kwa kiwanda cha bia cha Gisenyi. KivuWatt karibu na Kibuye ilizinduliwa 2016 ikiwa na megawati 26, na mtambo mkubwa zaidi umejengwa Rubavu. Kule Nyos, kanuni hiyo hiyo imetumika tangu 2001 kutoa kaboni dioksaidi tu, kwa bomba lililorusha maji karibu mita 50 hewani.

Tatizo liko kwenye maji yanayorudishwa. Yakiachwa juu mno, yanapeleka chumvi, sumu ya salfa na virutubisho kwa samaki, na polepole yanadhoofisha ule ukuta. Kina cha kurudishia ndicho swali kuu la kiufundi la ziwa hili, na kinahitaji msimamizi asiyelipwa na mwenye mtambo.

Na usidhani kazi inakwisha kesho. Kwa hesabu ya haraka, megawati 26 kwa mwaka mzima zinahitaji takriban mita za ujazo milioni 60 za methani, yaani sehemu moja kati ya elfu ya iliyopo.

Maziwa ya Tanganyika na Victoria je?

Hayana hatari hii. Victoria lina kina cha mita 80 hivi na hujichanganya. Tanganyika lina kina kirefu sana na maji yake ya chini hayachanganyiki, lakini halijabeba gesi ya volkano kwa kiasi cha Kivu. Kaboni dioksaidi ya ardhini ipo kwingine, kwa mfano Rungwe mkoani Mbeya, ambako inachimbwa kibiashara. Yale ya mashimo na mabonde yanahusu huko pia.

Nizungumzeje na watoto, na wazee wasiotaka kusikia?

Kwa watoto, anza na kanuni tatu: usishuke shimoni alfajiri, usimfuate aliyeanguka, ita mtu mzima. Waonyeshe mahali halisi mchana ukiwa nao. Ziwa lisubiri mpaka waulize.

Mzee akisema "Mungu ametulinda miaka yote", usibishane naye. Mwambie: mzee wangu, tusaidie kutuonyesha mashimo mliyokatazwa utotoni. Mara nyingi anayajua kuliko ramani. Ibada na mikutano ya mtaa ni mahali pazuri pa kutangaza, mradi siku isiwe ile ambayo mlima unatoa moshi. Siku hiyo watu husikia neno moja tu, "kimbia".

Tuwaulize nini viongozi?

Maswali yenye jibu la ndiyo, hapana au namba. Vyombo vingapi vya OVG vinatuma data leo, na bili ya intaneti imelipwa hadi mwezi gani? Gesi ya Kabuno ilipimwa lini mara ya mwisho, na matokeo yamebandikwa wapi? Vitalu vitatu vya gesi ambavyo Congo ilivitangaza mnadani Julai 2022: maji yatarudishwa kina gani, na nani atapima? Je, vyombo vya Rwanda na vya Congo vinapeana taarifa hata siku ambazo serikali hizo mbili hazisemezani? Ni njia zipi za kutokea Goma zisizopita kwenye mazuku, na kambi mpya ya wakimbizi inapoandaliwa, nani anapima gesi ya ardhini alfajiri kabla ya hema la kwanza kusimikwa?